Aliyejibu Ujumbe

Ujumbe ule Biserka hakuuandika yeye. Aliusoma kwanza akiwa amesimama, kisha akavuta kiti, akaketi, akausoma tena polepole.

"Mpendwa Elica, karibu nyumbani kwetu Bitola, Jumapili saa saba mchana. Njoo na mama yako. Naum atafurahi sana kukuona."

Ulikuwa umetumwa jana yake jioni kutoka kwenye ukurasa wa duka la mifarishi la Taleski. Na ukurasa huo, Biserka ndiye aliyeufungua, ndiye aliyeuchagulia picha, ndiye aliyekuwa akiulea kwa miezi minane sasa. Kila neno lililotoka humo kwenda kwa wateja lilikuwa limepita kwenye vidole vyake. Kila neno, isipokuwa maneno haya.

Akainua macho. Naum alikuwa ameketi juu ya jukwaa la mbao, miguu ameikunja, mfarishi wa hariri nyekundu umemzunguka pande zote, naye anashona mkia wa tausi. Mwanamume wa miaka thelathini na minne, mabega mapana, mvi mbili tatu juu ya sikio, na vidole ambavyo Biserka alikuwa amejikataza kuvitazama. Kuvirekodi ilikuwa kazi yake. Kuvitazama lilikuwa jambo jingine.

"Naum."

"Mm."

"Jumapili una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mfamasia kutoka Struga. Anakuja na mama yake. Umewaalika."

Sindano ikasimama katikati ya unyoya wa tausi.

"Mimi?"

"Wewe. Tena utafurahi sana kumwona. Imeandikwa hapa."

Naum akamtazama kwa macho yale makubwa ya kahawia, macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Biserka alimfahamu vya kutosha kujua kwamba hakuwa akidanganya. Naum hakuweza kudanganya hata kuhusu bei ya uzi.

Mji mzima ulimjua Biserka kwa kazi hiyo ya kurasa. Alikuwa amefanya kazi Skopje kwenye kampuni ya matangazo, akarudi kwao akiwa na miaka thelathini, akaanza kuwasaidia wenye biashara ndogo kujitangaza mitandaoni: mwoka mikate, fundi viatu, mama mmoja wa sabuni, shamba la tufaha. Alikuwa na kanuni zake na hakuzionea haya. Usimdanganye mteja. Usimcheleweshee jibu. Usimwonyeshe usichokuwa nacho. Alipoingia kwa Taleski mara ya kwanza, duka lilikuwa linapata oda tatu kwa mwezi, kwa sababu watu siku hizi walinunua mablanketi ya kiwandani, mepesi kama karatasi, na mfarishi wa sufu ya kondoo ulioshonwa kwa mkono wakauona kitu cha bibi zao.

Naum alitaka video zake ziwe na muziki. "Wote wanaweka muziki," alisema.

"Ndiyo maana sisi hatuweki," Biserka akamjibu, akauzima. "Waache wausikie uzi."

Na watu wakausikia. Sindano ikitoboa hariri, uzi ukiifuata kwa mlio mdogo kama wa mtu anayevuta pumzi, kiganja kikilaza sufu. Video ya kwanza ilitazamwa na watu laki mbili. Bibi mmoja aliyehamia Melbourne akaandika kwamba alilia, kwani sauti ile mara ya mwisho aliisikia kwa baba yake. Sasa oda zilikuwa zimejaa hadi Pasaka, na Naum alikuwa ameajiri wanawake wawili wa kuchambua sufu.

Lakini pamoja na oda likaja jambo jingine. Wanawake.

"Huyu fundi ameoa?" waliandika chini ya kila video. "Mikono hiyo ina mwenyewe?" Na Biserka, saa zote mtulivu, alijibu kwa niaba ya duka: "Fundi ana kazi nyingi. Wewe mfarishi wako ungependa uwe wa rangi gani?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Akaingia mama yake Naum, Sofka, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani na sinia la kahawa mkononi. Alimwona Biserka ameshika tableti ya duka, akajua mara moja, wala hakutahayari.

"Nimeandika mimi," alisema, akitua sinia. "Kwani kuna kosa la herufi?"

"Shangazi Sofka," Biserka alisema, akimwita kama vijana wote wa mji walivyomwita, "neno la siri umelipata wapi?"

"Si ulinipa mwenyewe? Ulisema, shangazi, siku nisipokuwepo mteja asikae bila jibu. Basi. Mteja hakukaa bila jibu."

"Mama," Naum akaanza.

"Wewe shona." Sofka akajimiminia kahawa. "Nimewasoma wote. Yule mwalimu wa Prilep ni mzuri, lakini kila picha yake yuko baharini, nguo zenyewe hakuna. Yule wa Vienna yuko mbali, atanichukulia mtoto. Huyu Elica ana kazi yake, ana adabu, na anauliza mambo ya sufu kama mtu anayejua nyumba ni kitu gani."

"Huu ni ukurasa wa biashara," Biserka alisema. Sauti yake ilikuwa imara.

"Na mwanangu si biashara yangu? Miaka mitano nimemtafutia mke mji huu wote, nimekosa. Wewe umemtia kwenye simu, wanawake wamejipanga foleni hadi Struga. Nakushukuru, mwanangu. Kwa dhati nakushukuru." Akanywa funda moja. "Na Jumapili uje na kamera yako. Utupige picha mezani. Si ndiyo kazi yako?"

Alitoka kama alivyoingia, bila haraka, akawaacha na kahawa.

Nje, kengele ya baiskeli ilipita barabarani.

"Utakaa mezani?" Biserka aliuliza.

"Ameshawaalika watu, Biserka. Nifanye nini, niwafukuze mlangoni?"

"Sikusema uwafukuze. Nimekuuliza kama utakaa."

Naum alivua kastabini kidoleni, akaivaa tena. "Mimi si mtu wa maneno. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana maneno yako naandika mimi." Alisimama, akaanza kukusanya vitu vyake. "Bei naandika mimi, shukrani naandika mimi, hata heri ya mwaka mpya uliyowatakia watu wa Gothenburg niliiandika mimi. Lakini kuna jambo moja, Naum, siwezi kukuandikia. Hilo uliseme mwenyewe au ulimeze."

"Jambo gani?"

Alimtazama. Naye Naum akamtazama, na kwa kitambo kile kifupi hakuna hata mmoja wao aliyejifanya haelewi. Rangi ilipanda kutoka kwenye kola ya Naum hadi masikioni. Midomo yake ikafunguka. Biserka akasubiri, mkoba ukiwa begani, mkono mmoja juu ya kitasa.

Midomo ikafungwa.

"Mikono yako imeonwa na watu laki mbili," Biserka alisema taratibu. "Sauti yako hakuna aliyewahi kuisikia. Hata mimi." Akatoka.

Alitembea kandokando ya mto Dragor kwa hatua ndefu. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa zaidi. Tatizo halikuwa ukimya wa Naum peke yake, alilijua hilo. Tatizo lilikuwa na umri wa miaka sita, na lilikuwa mfarishi.

Miaka sita nyuma Biserka alikuwa amechumbiwa na Dimko, mtoto wa fundi saa. Baba yake Naum, mzee Krste, alikuwa mgonjwa tayari, lakini alisema mfarishi wa harusi ile atauanza na kuumaliza yeye mwenyewe. Aliushona majuma matano. Bluu, wenye makomamanga. Zikiwa zimebaki wiki tatu, Biserka akavunja uchumba, na kesho yake akaubeba mfarishi mikononi, mchana kweupe, akaurudisha dukani mbele ya watu. Mji ulisema mengi. Wengine walisema ameukataa kwa sababu mishono ya mgonjwa ilikuwa imepinda. Majira ya baridi yale Krste akafariki.

Sofka hakuwahi kumuuliza. Alimkubali dukani kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri, akampikia kahawa, akamwita mwanangu. Lakini kati ya kuitwa mwanangu na kuwa mkwe kulikuwa na mlango, na Biserka alijua nani ameshika ufunguo.

Jumapili alivaa gauni lake la kijani, akabana nywele, akatia kamera mkobani. Mama yake alimuuliza kama ni lazima aende.

"Ukurasa wangu umesema jambo ambalo si kweli," Biserka alijibu. "Aliyeambiwa anakuja kutoka Struga kwa basi. Nitakuwepo."

Nyumba ya Taleski ilikuwa ghorofani juu ya duka. Meza ilikuwa imeandaliwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi hadi kikasimama chenyewe: maharage ya kuoka kwenye chungu, pilipili zilizojazwa nyama na wali, saladi yenye jibini nyeupe, mkate wa kabeji uliokunjwa kama konokono, chupa ya rakija, pombe kali ya matunda. Naum alikuwa amevaa shati jeupe lililombana shingo. Biserka alipoingia, Naum alisimama haraka hadi kiti kikaanguka.

"Kaa," Sofka alimwambia. "Ni mpiga picha tu."

Elica hakuwa vile Biserka alivyomtarajia. Alikuwa mrefu, nywele fupi, kicheko cha karibu, na alipeana naye mkono kwa nguvu kama mwanamume. Mama yake, Ratka, alikuwa ameleta maua na boksi la chokoleti, na tangu akae alikuwa akikagua mapazia. Hakuna lililomuudhi Biserka zaidi ya kugundua kwamba anampenda mwanamke huyu. Kwenye ujumbe pia alimpenda. Wiki tano nzima Elica alikuwa akiuliza maswali mazuri: sufu inaoshwa na nini, kwa nini pamba haitoshi, uzi huu unatoka wapi. Na Biserka alikuwa akimjibu kwa furaha, kwenye benchi kando ya mto, wakati wa chakula cha mchana, akisahau sandwichi yake.

Walikula. Sofka alimwaga sifa. Naum alikata pilipili yake vipande vidogo vidogo, hakula hata kimoja. Biserka alipiga picha ya chungu, picha ya mikono, picha ya dirisha.

"Naum," Elica alisema mwishowe, akiweka uma chini, "mimi napenda mambo yanyooke. Siku ile nilikuuliza kwa nini unaanza kushona kutoka katikati. Ukanipa jibu zuri mno, nikamsomea mama."

"Alinisomea mara mbili," Ratka alithibitisha.

Naum aliinua macho kutoka kwenye sahani yake. "Nilijibu nini?"

Sofka akasogeza chungu kwa haraka. "Ongeza maharage, mwanangu, maharage haya—"

"Hukumbuki?" Elica hakuonekana kukasirika. Alitoa simu, akaitafuta sehemu, akasoma kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa.

"'Naum huanzia katikati kwa sababu ndipo watu wawili hukutana wakati wa baridi. Pembeni huja mwisho. Akishafika pembeni hasikii tena ukimwita. Chai yake inapoa, redio inakwaruza, yeye yupo tu na uzi wake. Akimaliza hupitisha kiganja juu ya mfarishi wote, polepole, kisha hutabasamu kidogo. Ukipepesa macho umelikosa tabasamu hilo, na itabidi usubiri hadi mfarishi mwingine.'"

Akaizima simu.

"Nilifurahi wiki nzima. Halafu nikafikiri. Mimi nauza dawa, kazi yangu ni kusoma mara mbili. Mtu hajisemi hivi. Mtu hajui kwamba chai yake imepoa. Anayejua ni yule aliyekaa pembeni akimtazama." Akamgeukia Naum. "Kwa hiyo nimekuja kuuliza. Haya uliyaandika wewe?"

Sofka alimkazia mwanawe macho. Ingetosha neno moja. Biserka aliona jinsi lilivyokuwa rahisi, neno dogo la kuokoa meza, maua, safari ya basi, heshima ya mama.

"Hapana," Naum alisema. "Mimi hata tangazo la likizo siwezi kuandika."

Biserka akaiweka kamera mezani, karibu na mkate.

"Ni mimi," alisema. "Ukurasa naendesha mimi. Kila jibu ulilopata la sufu, la rangi, la mishono, ni langu, na yote ni ya kweli. Mwaliko si wangu, na Naum hakuujua. Umesafiri kwa sababu ya neno lililotoka kwetu ambalo mwenyewe hakulisema. Kwa niaba ya duka, naomba radhi."

"Kwa niaba ya duka!" Sofka alisimama. Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya dharau ya kila siku, ilikuwa ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. "Duka hili lina mwenyewe. Mume wangu alishona humu miaka arobaini. Kazi yake ya mwisho, ya mwisho kabisa, alikuwa akikohoa juu ya hariri na kuifuta kwa leso isije ikachafuka. Kazi hiyo uliirudisha! Mbele ya soko zima. Kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza. Halafu leo unakaa kwangu unaandika mapenzi kwenye simu?"

"Mama, basi," Naum alisema.

"Mwache aseme," Biserka alimwambia. "Miaka sita amesubiri." Akamgeukia Sofka, na wala hakuinamisha uso. "Shangazi Sofka, siku ile nilipouchukua niliutandika kitandani kwangu alasiri, nikajifunika, nijue ulivyo. Ulikuwa mzito na wa moto, na nilisikia harufu ya hariri mpya. Nikajiuliza, chini ya kitu kama hiki, miaka arobaini, mimi na Dimko? Nikaanza kulia. Sikuwa nimewahi kujiuliza kabla ya hapo. Mzee Krste aliweka mapenzi mengi mno kwenye ule mfarishi, mimi sikuwa nayo ya kuyalinganisha. Singeweza kuutandika juu ya uongo. Ndiyo maana niliuleta mwenyewe, mchana, nisionekane nauficha."

"Watu walisema mishono ilipinda," Sofka alisema.

"Nimewasikia."

"Ilipinda?"

"Hakuna hata mmoja, shangazi. Nilipitisha kidole juu ya kila komamanga. Hakuna hata mmoja."

Sofka akageuka, akaenda kwenye jiko, akafungua mlango wa tanuri ambamo hamkuwa na kitu. Akasimama hapo mgongo ukiwa kwao, akipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake.

Ndipo Naum aliposimama. Alifungua kifungo cha juu cha shati, kama mtu anayejiandaa kubeba mzigo.

"Mama. Kila Jumanne nasafisha kona ya meza ya dirishani. Napangusa, nasogeza mikasi, nafungua pazia mwanga uingie. Saa kumi na mbili asubuhi. Uliwahi kujiuliza kwa nini?"

"Nilidhani unasafisha meza," Sofka alisema bila kugeuka.

Elica alicheka, akajiziba mdomo.

"Jumanne ndiyo siku ya Biserka," Naum aliendelea. Maneno yalikuwa yakimtoka moja moja, lakini hayakusimama. "Nampenda. Nilianza siku ile alipouzima muziki. Hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza kazi yangu, mama, wote waliitazama tu. Miezi minane nimekuwa nikisema nitamwambia leo, na kila leo nimeshona. Elica, naomba unisamehe. Wewe ni mtu mzuri na umekuja mbali. Lakini hata ungekuwa malaika, jibu lingekuwa hili."

"Malaika hauzi dawa za kikohozi," Elica alisema. Mashavu yalikuwa yamemwiva, na kwa muda mfupi alitazama sahani yake. Kisha akainua kichwa. "Sitasema sikuumia. Nilikuwa nimeanza kuzoea maneno yale. Ila naona yana mwenyewe." Akamtazama Biserka. "Mfarishi wangu bado nautaka. Wa kijani. Na maswali yangu utaendelea kunijibu?"

"Ndani ya saa moja," Biserka alisema. "Kama kawaida."

Ratka, ambaye macho yake yalikuwa yakienda huku na huku kama mtu anayetazama mpira, alikunja leso yake. "Sasa tunakula au tunaondoka? Nijue, niyamalize maharage haya."

"Mnakula," Sofka alisema, akirudi mezani na macho mekundu. "Kwangu mgeni hatoki na sahani nusu." Akamjazia Ratka hadi juu. Kisha akasimama na kijiko hewani, akimtazama Biserka kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa. Biserka akachukua mkoba wake.

Alikuwa ameshafika chini barabarani Naum alipomfikia, ana leso ya mezani bado begani.

"Biserka! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimemaliza kazi."

"Hukusikia nilichosema?"

"Nimesikia. Kila neno." Alisimama, na tabasamu likamponyoka kabla hajalizuia. "Ulisema vizuri. Lakini uliwaambia watu wa Struga. Mimi ni wa Bitola."

Naum akamkaribia. Jua la saa tisa lilikuwa likipiga ubavu wa duka, na kwa mara ya kwanza hakutazama pembeni. Alimtazama Biserka hadi akaona haya yeye, mwanamke ambaye hakuwa na desturi hiyo.

"Nakupenda, Biserka," alisema. "Nataka tuoane. Nimesema. Haya, na jingine?"

"Jingine, nina baba."

"Yuko wapi saa hizi?"

"Jumapili? Kwenye klabu ya wastaafu, anacheza karata. Lakini Naum, si lazima iwe—"

Alikuwa ameshaondoka. Alipanda barabara ya Sokak katikati ya watu waliokaa na kahawa zao, leso begani, hatua ndefu, akimsalimu kila aliyemsalimu, naye Biserka akimfuata nyuma karibu anakimbia kwa viatu vya kisigino. Msichana mmoja mezani alimgusa mwenzake: "Si yule fundi?" Naum hakugeuka.

Klabu ilikuwa chumba kimoja chenye meza tano na moshi wa miaka mingi. Baba yake Biserka, Pande, dereva wa treni mstaafu, alikuwa ameshika karata zake karibu na kifua. Naum alisimama mbele yake.

"Mzee Pande, mimi ni Naum."

"Nakuona. Wewe ni wa marehemu Krste."

"Nimekuja kumposa Biserka."

Karata zikatua kwenye meza zote. Mzee mmoja akazima sigara ambayo hakuwa ameimaliza. Pande alimtazama kijana, akatazama leso begani, akamtazama binti yake aliyekuwa mlangoni akihema, nywele zimemfunguka.

"Mama yako anajua?"

"Amejua sasa hivi."

"Amesemaje?"

Naum akasita. Ndipo nyuma ya Biserka ikasikika sauti ya mtu aliyepanda barabara kwa pumzi za shida.

"Amesema," alisema Sofka, akimpita Biserka kizingitini na kitambaa chake cheusi kimeenda upande, "kwamba binti huyu ameacha kamera yake mezani kwangu. Nikasema akiirudia leo itakuwa kazi, nataka airudie kesho kama mtu wa nyumbani." Alitua, akavuta pumzi. Kisha akamshika Biserka mkono, juu kidogo ya kiwiko, akaubana. "Hukulala chini ya ule mfarishi bure, mwanangu. Krste angefurahi kujua kwamba ulilia."

Biserka akauweka mkono wake juu ya ule wa Sofka, ikawa imetosha.

Pande alizifunika karata zake mezani kifudifudi, akasimama.

"Na wewe, Biserka?" aliuliza. "Mara ile ya kwanza ulipoulizwa ulisema ndiyo kwa sauti ndogo sana. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako, huyu hataki. Sasa nakuuliza tena, mbele ya wazee hawa. Unamtaka?"

Naum hakumgeukia. Alikuwa amesimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, na shingo yake ilikuwa nyekundu hadi nywele.

"Ndiyo, baba," Biserka alisema. "Namtaka."

Aliisema wazi na kwa nguvu, hata mzee Ilo, aliyekaa mwisho kabisa dirishani na ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka miaka kumi iliyopita, aligeuka kwenye kiti chake, akainua glasi, akasema amesikia.